Visu vya kukunja vya bei ndogo: nabadilisha vibao vya mpini, mpingo unanipasukia kwenye ribiti

kijana_makorora

Wakuu salaam. Niko Tanga, Makorora, naombeni msaada wenu maana hiki kitu kimenikalia kichwani wiki ya pili sasa.

Kuna hivi visu vya kukunja vya kichina wanavyouza Ngamiani wale jamaa wanaotandaza bidhaa chini, elfu sita mpaka elfu nane, chuma chake sio kibaya, ukikinoa ukatulia kinakata kamba ya nyavu bila kuvuta. Shida mpini. Ile plastiki mkono ukiwa na jasho au utelezi wa samaki haishikiki, na ikikaa miezi inachanika palepale kwenye ribiti, zile pini za chuma zinazobana mpini. Mwaka jana nikaanza kuzibandua zile plastiki na kuweka vibao vya mbao ninavyochonga mwenyewe, sio biashara, ni kitu napenda tu, nikitoka kazini nakaa barazani na msasa na kahawa yangu mpaka magharibi. Cha kwanza nilikivalisha mninga, cha pili mtiki wa kipande nilichopewa na fundi vitanda, vyote viwili vipo mpaka leo na kimoja anacho kaka angu anaenda nacho baharini.

Sasa tatizo limeanza na mpingo. Nilipata vipande vinne kwa mchonga vinyago mmoja, nikavikata kwa haksoo jasho likanitoka, nikavisugua mpaka unene wa milimita 4. Ninavyofanya ni hivi, nasaga vichwa vya ribiti za zamani kwa tupa, nazisukuma zitoke kwa msumari niliokata ncha, plastiki ikitoka naiweka juu ya mbao naichora, natoboa kwa drili, napaka ile gundi ya haraka ya mirija miwili, naingiza msumari uliokatwa kichwa halafu nagonga huku na huku mpaka utoe kichwa kipya. Mninga haukuleta neno. Mpingo nimegonga taratibu kabisa, mara ya sita hivi nikasikia tik, sauti ndogo kama mtu kavunja njiti ya kiberiti, kuangalia kuna ufa mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu umeenda mpaka ukingoni. Nikasema labda bahati mbaya, nikafanya cha pili, kikapasuka tundu lilelile la nyuma. Cha tatu hakikupasuka ila siku ya nne gundi ikaachia, kibao kikatoka kizima kama ganda la muhogo, upande wa chuma gundi yote ipo, upande wa mbao pakavu safi kama sikuwahi kupaka kitu.

Na kuna jingine, kwenye hicho cha pili nilitoa mpaka ribiti ya shingoni pale ubapa unapozungukia, springi ya mgongoni ikaruka, nimeirudisha lakini nikibana vizuri kisu hakifunguki kwa kidole na nikilegeza kinacheza kushoto kulia.

Nimebakiwa na kipande kimoja, cheusi tititi kina mstari wa njano ubavuni, kizuri mno sitaki kukiharibu. Nakosea wapi, ni mbao, ni gundi au mkono wangu?

---

spoku_mbili

Kaka angu pole. Mimi fundi baiskeli, nipo hapahapa Ngamiani, na hivi visu nimeshavivalisha zaidi ya ishirini maana kila mteja akiona changu anataka na yeye.

Shida yako ya kwanza naiona ni msumari. Msumari ni chuma laini, ukiugonga juu hautanuki kichwa peke yake, unavimba tumbo lote humo ndani ya tundu. Mninga unaminyika kidogo unaupa nafasi, mpingo haukupi nafasi hata ya unywele, kwa hiyo ule msumari unageuka kabari na wewe mwenyewe ndio unaipigilia. Na nakuhakikishia tundu lako ulitoboa saizi ileile ya msumari ili ukaze vizuri, si ndio? Hapo ndipo kosa. Ribiti inatakiwa ipite kwa kuteleza, ukiinamisha kisu idondoke yenyewe.

Mimi natumia fimbo za shaba wanazochomelea mafundi friji na radieta, zipo za milimita 1.6, 2.4 na 3.2. Chukua ya 2.4 utoboe kwa biti ya 2.5. Fimbo yenyewe kabla ya kuikata ishike kwa plaizi juu ya jiko la gesi mpaka iwe nyekundu ya kufifia, iache ipoe, inakuwa laini kama risasi na kichwa chake kinatanuka kwa nyundo ndogo tu. Halafu mdomo wa tundu kwa nje uupanue kidogo kwa biti kubwa UNAYOIZUNGUSHA KWA VIDOLE, usiweke kwenye mashine, mizunguko mitano sita mpaka mdomo uwe kama kisahani, humo ndimo kichwa kitakaa. Acha fimbo ichomoze milimita moja tu kila upande, ukiacha ndefu inapinda badala ya kutanuka. Kugonga sasa, wewe unasema mara sita, mimi nagonga hata mara hamsini na nyundo ya kugongea rimu, nyepesi nyepesi kuzunguka ukingo wa fimbo sio katikati, nageuza upande, nagonga, nageuza.

Spoku za baiskeli pia zinafaa, nyingi ni milimita 2 na ndio nilianzia hizo, ila hizi za kawaida zilizopakwa ukishasaga kichwa ule mpako unaondoka na hewa ya chumvi ya hapa kwetu inaanza kuila, mwezi mmoja unaona doa la kutu limeingia kwenye mbao. Kama utapata spoku za stenlesi sawa, vinginevyo shaba.

La shingoni ni rahisi ukijua. Kata kipande cha kopo la soda, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kitoe mdomo katikati kama herufi U, kichomeke kati ya ubapa na lile bamba la chuma lililo ndani ya mpini kizunguke ribiti, kisha gonga mpaka kisu kikaze kabisa hakiendi popote. Halafu vuta lile bati litoke. Nafasi liliyoacha ndio nafasi ya kisu kuzunguka, hakichezi na hakikazi. Tia tone la mafuta ya cherehani ufungue ufunge mara mia.

---

bwana_sahare

Naomba kuuliza kwa nia njema, kisu cha elfu sita unakitumia Jumamosi mbili na fimbo ya shaba na gundi, si inafika bei ya kununua visu vitatu? Au mnaona nini nyie ambacho sisi wengine hatukioni?

---

spoku_mbili

@bwana_sahare kisu cha elfu sita ndio darasa lenyewe ndugu yangu. Ukiharibu umepoteza elfu sita na umejua kwa nini. Huwezi kwenda kujifunzia kwenye kisu cha laki. Halafu jaribu siku moja ushike mpini uliosuguliwa kufuata kiganja chako wewe, kidole cha shahada kina shimo lake, dole gumba lina pa kuegemea. Mimi nakata mipira ya tairi siku nzima, ile plastiki ilikuwa inanitoa malengelenge. Sasa sina.

---

mchonga_milango

Kijana wa Makorora nimekusoma nikiwa Bagamoyo. Mimi nachonga milango na masanduku, na mpingo nimeushika tangu sijaota ndevu, kwa hiyo fundi baiskeli amekueleza chuma na mimi nikueleze mbao.

Kwanza hicho kipande kilikuwa kibichi. Vipande vya wachonga vinyago karibu vyote ni vibichi, maana wao wanataka ubichi ili patasi iingie. Mpingo unakauka polepole kuliko mbao yoyote ninayoijua na ukiuharakisha unapasuka, sasa wewe umeufunga ukiwa na maji ndani, ukaubana kwa ribiti kwenye chuma ambacho hakisogei, mbao ikaanza kujikunja haina pa kwenda. Nyundo ilimalizia tu. Na huku pwani ni zaidi, kibao kilichofungwa masika mbao imenywa unyevu, jua la kaskazi likija lazima kilie.

Hicho ulichobakiwa nacho fanya hivi. Kikate kiwe kibao cha milimita 7 hivi, usikifikishe 4 sasa. Zile ncha mbili ambapo nyuzi zinaishia zipake nta iliyoyeyushwa, mshumaa unatosha, kwa sababu maji hutokea huko kwanza na ndiko nyufa huanzia. Kiweke kivulini pasipo na upepo mkali, juu ya kabati la ndani ni pazuri, na kila Ijumaa kipeleke kwa muuza viungo mwenye mizani ndogo ya dijitali ukipime gramu zake uandike kwenye daftari. Kitapungua, kitapungua, kuna wiki hakitapungua tena. Wiki tatu mfululizo uzito uleule, hapo kimekauka, hata ikichukua miezi miwili. Usikiweke juani wala juu ya jiko.

Gundi iliachia kwa sababu mpingo una mafuta yake, ndio maana unang'aa ukiusugua kwa kitambaa kitupu. Umeusugua laini na kuupendezesha halafu ukapaka gundi juu ya mafuta. Upande unaogusa chuma usiulainishe, ukwaruze kwa msasa namba 80 mistari ya kukatizana, na chuma nacho hivyohivyo, kisha futa kwa asetoni mara mbili kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisitoke rangi, na upake gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Gundi ya dakika tano achana nayo, tafuta epoksi, hiyohiyo ya kuchanganya mirija miwili, ila ile ya kukauka saa 24. Na usibane kwa nguvu zako zote, vijana wengi wanabana mpaka gundi yote inatokea pembeni halafu wanashangaa kibao kinatoka. Bana mpaka ianze kuchungulia ukingoni, basi. Kabla ya kubana paka vaselini kidogo kwenye ribiti ya shingoni na kwenye springi, gundi ikiingia humo kisu hakifunguki tena.

Vumbi. Hili nalisisitiza kuliko yote hapo juu. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, nina mwenzangu macho yalivimba akawa hafungui, na ukilizoea leo kesho linaweza kukukataa ghafla. Vaa barakoa, sugua ukiwa nje, na kuanzia msasa namba 220 kwenda juu sugua na maji kidogo ili liwe tope lisipae. Usisugulie sebuleni penye watoto.

Nilianza mambo haya na kisu cha Okapi cha babu yangu mzaa mama, wenye umri wangu mtakijua, kina pete mgongoni unaivuta ndio kinafunga, kikifunguka kinalia kra kra kra, mpini wa mbao una miezi na nyota za bati. Vile vilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa kuuzwa kwenye makoloni yao Afrika, na sisi huku tulikuwa mmojawapo, sasa hivi na tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake kinashika kutu usipokipenda lakini kinanoleka hata kwenye jiwe la mlangoni. Mbao ya kile cha babu ilioza pale kwenye springi, nikakitengenezea mpya kwa tupa na kisu kingine, sikuwa na drili, nilitoboa kwa keekee ya upinde kama wanazotumia mafundi majahazi. Kipo.

Jambo la mwisho, kama mtu wa nje akikipenda akataka umtumie, jua kwamba tangu mwanzoni mwa 2017 mpingo na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia wapo kwenye mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo uliza maliasili kwanza kabla ya kutuma mbao. Na msije mkafikiria pembe ya ndovu wala gamba la kasa, hivyo haviguswi. Pembe ya ng'ombe ipo machinjioni, mfupa upo, vinatosha uzuri.

---

kijana_makorora

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Kweli kabisa mchonga alikuwa anachonga palepale na vipande vilikuwa vya baridi ukivishika, sikufikiria. Swali moja, ukishamaliza unapaka nini juu? Mimi nilikuwa napaka mafuta ya nazi, yanang'arisha siku mbili halafu yanakuwa kama ya kunata na vumbi linaganda.

---

mchonga_milango

Marahaba. Mafuta ya nazi hayakauki kijana wangu, hata ukae nayo mwaka yatabaki mafuta na mwisho yatachacha. Yanayokauka yakawa ngozi ni ya kitani, yanauzwa kwenye maduka ya rangi, paka tone, sugua kwa kiganja mpaka pawe na joto, acha siku mbili, rudia mara tatu. Kile kitambaa ulichopakia usikikunjekunje ukakitupa kwenye pipa, mafuta ya kitani yakiwa yanakauka yanazaa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze kwenye kamba nje au kiloweke majini. Kwa mpingo mkavu hata hayo huyahitaji, msasa mpaka namba 1000 halafu nta ya nyuki na kipande cha khanga kuukuu. Mninga na mtiki ndio vinayataka.

---

pamba_na_katani

Asalam aleikum kaka zangu, mimi ni dada niko Muheza, naona mnazungumzia mbao tu na mimi nina njia nyingine ambayo haipasuki, hainywi maji na haina mambo ya kusubiri miezi miwili. Ni maikata. Ni kitambaa kilicholoweshwa rezini, yaani gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, tabaka kwa tabaka kikabanwa mpaka kikawa kama jiwe. Ilianza Marekani karibu mwaka 1910 kama kizuio cha umeme kwenye mitambo, watu wa visu wakaipenda kwa sababu hata mkono ukiwa na maji haitelezi, inazidi kushika.

Mimi ni fundi cherehani kwa hiyo vipande vya kitambaa ninavyo vya kumwaga. Nakata vipande sentimita 13 kwa 5, jinzi nzito tabaka kumi zinanipa kama milimita 6, khanga ni nyembamba naweka ishirini na tano na zaidi. Mbao mbili zilizonyooka nazivika nailoni ya mfuko kwa sababu rezini haishiki kwenye nailoni, halafu naanza, kipande, rezini, nakandamiza kwa kadi ya simu ya zamani mpaka kitambaa kibadilike rangi chote, kipande kingine juu yake. Msiwe wachoyo hapo, pakibaki pakavu katikati ukija kusugua unakuta tundu. Kisha mbao ya juu, klampu nne za fundi seremala, nabana mpaka rezini inamwagika pembeni kama asali, hapa ni tofauti na alivyosema mzee kwa sababu sio gundi ya kushikisha mbao na chuma, hapa unataka itoke ili tabaka zikaribiane. Nasubiri siku nzima na usiku wake. Ukifungua linatoka tofali baya, limekunjamana pembeni, huwezi kuamini. Unalikata kwa haksoo, ukianza kusugua ukingo ndio mistari inatokea, bluu nyeupe bluu nyeupe kama mawimbi, na ukisugua kwa mviringo mistari inazunguka kama ramani ya milima.

Kuna khanga ya marehemu bibi ilichanika haivaliki, nyekundu na nyeusi, nikaitoa pindo tu nikaifanya vibao vya visu viwili, kimoja cha mama na kimoja changu. Jina la khanga halisomeki tena humo ndani lakini rangi yake ipo, nikikata vitunguu naiona.

Na katani nimejaribu maana sisi huku ndio kwao, mkonge uliletwa na Wajerumani 1893 ukapandwa kule Pangani na mpaka leo ukitoka Muheza kwenda Tanga unaupita mashambani. Gunia la katani ni gumu kuloweka, nyuzi ni nene zinaacha matundu, jaribio langu la kwanza lilitoka kama mkate wa kumimina. La pili nilichambua nyuzi nikazilaza zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, nikazilowesha kwenye sahani kabla ya kupanga, ikatoka rangi ya asali ina mistari mirefu kama mfupa wa kale. Inapendeza kuliko jinzi, kwangu mimi.

Rezini mkikosa epoksi nendeni kwa mafundi boti za faiba, ile yao inafaa ingawa harufu yake kali na lazima uwe nje, na kigandishi wanachoweka ni kidogo sana kwa hiyo wapimieni wao wenyewe. Msichanganye nyingi kwenye kikombe kimoja, ikikaa pamoja inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi, mimi kikombe cha plastiki kiliyeyuka mkononi. Changanya kidogo kidogo. Vaeni glovu, ngozi ikishaikataa epoksi haiwezi kuipenda tena. Na vumbi lake ni baya kama la mpingo, barakoa.

---

fundi_simu_tng

Niongezee kidogo kwa wanaoanza. Kama bado hamjanunua kisu, tafuteni vile vya skrubu badala ya ribiti. Ni ghali kidogo, kichina hivyohivyo, mpini una skrubu ndogo za nyota ya ncha sita, saizi T6 na T8, bisibisi zake sisi mafundi simu tunazo sote, njoo kwangu Chumbageni nitakuazima. Kibao kinafunguka bila kuharibu kitu na ukikosea unarudisha cha zamani. Skrubu zikigoma kufunguka usilazimishe, kiwandani wanaweka gundi, gusisha ncha ya pasi ya kuchomea waya kwenye kichwa cha skrubu nusu dakika, gundi inalegea. Ukilazimisha zile ncha sita zinaviringika umekwisha.

Kutoboa sasa. Usichore kwa penseli. Bandika kibao cha zamani juu ya mbao mpya kwa tepu ya kunata pande mbili, weka ubao wa taka chini, toboa KUPITIA matundu ya kibao cha zamani. Ule ubao wa chini unazuia mbao isibanduke pale biti inapotokea. Mkono uwe wima, drili polepole, inua inua biti itoe unga, ukisikia harufu ya kuungua simama. Na unene upime kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, kibao kipya kikizidi cha zamani hata milimita moja skrubu haifiki kwenye uzi.

Wenye visu vile vyekundu vya Victorinox vya sentimita 9, vile havina skrubu wala gundi, plastiki imebanwa tu kwenye vichwa vya ribiti kwa ndani, inanyanyuliwa kwa kitu chembamba inatoka, kwa hiyo ribiti hazisumbuliwi. Nimemvalishia mteja vibao vya kifuu cha nazi, ilibidi nitafute kifuu kikubwa kweli kwa sababu kimepinda, na hata hivyo nilipata viwili tu kwenye vifuu sita. Na Opinel ya Ufaransa usiinunue kwa kazi hii, mpini wake ni kipande kimoja kimechanwa katikati, haina vibao, yenyewe unachonga umbo tu.

---

kijana_makorora

Wakuu nimerudi, wiki ya nne leo.

Kipande cha mpingo bado kipo juu ya kabati. Nilipima wiki ya kwanza gramu 96, ya pili 93, ya tatu 91, jana 90. Muuza viungo sasa akiniona Ijumaa ananitolea mizani kabla sijaomba. Nasubiri.

Kwa sasa nilichukua kisu kingine cha elfu saba nikafanya jinzi ya dada wa Muheza, suruali yangu ya kazi ya zamani. Tofali lilitoka baya kama alivyosema, nikakata tamaa kabisa, nikaanza kusugua ukingo saa tisa, saa kumi na moja mistari ikaanza kuonekana na mama akatoka ndani akasema hiyo ni ile suruali yako? Nilitoboa kupitia plastiki ya zamani kwa tepu, fimbo ya shaba nimeenda kuchukua kwa spoku_mbili mwenyewe, alinikatia akakataa hela, nikaichoma, nikagonga ribiti tatu kwa nyundo ndogo na nikahesabu, ya kwanza imefika sitini na mbili. Hakuna tik. Vichwa nilivisaga kwa tupa vikalala sawa na kibao, vidoa vitatu vya njano kwenye bluu.

Kwenye kile kilichokuwa kinacheza nimeweka bati la soda, mara ya kwanza nilikata U yake nyembamba ikakatikia ndani nikatumia nusu saa kuitoa kwa sindano, mara ya pili nikaacha pana, nikagonga, nikavuta, ikatoka. Kinafunguka kwa dole gumba na hakichezi hata kidogo. Vibao vyake vilivyopasuka nitavitoa, nitaviwekea katani nikipata nyuzi ndefu.

Kaka ameshakichukua cha jinzi, alfajiri leo ameshuka nacho Deep Sea kwa wavuvi wenzake. Amenipigia simu saa nne, anasema wenzake wawili kwenye boti wanauliza ni kiasi gani, nimemwambia siuzi ila waje na visu vyao na suruali zao.

Dada wa Muheza, nyuzi za katani napata wapi ambazo hazijasokotwa?

---

pamba_na_katani

Mashaallah, hongera sana kaka. Usinunue, wiki ijayo nakuja Tanga kufuata vitambaa, nitakuletea fungu moja zima, urefu kama mkono wangu, nitamwachia fundi baiskeli pale Ngamiani. Zichane kwa kitana cha meno makubwa kabla ya kulowesha.